Injini ya Bloku Kubwa: Kazi Yake Hasa Ni Ipi?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970, viwanda vya magari vya Marekani vilitengeneza injini za petroli zenye silinda nane ambazo ukubwa wake ulizidi mno ule wa injini zilizozoeleka Ulaya na Afrika. Mjao wa injini moja uliweza kuzidi lita 7, ilhali magari mengi ya abiria ya Ulaya ya wakati huo yaliendeshwa kwa injini za lita moja na nusu au mbili. Wamarekani waliziita injini hizo za bloku kubwa. Baadhi yake zilitiwa katika pikapu zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, na pikapu hizo hadi leo hutunzwa na kuthaminiwa na wapenzi wa magari ya zamani.

Aghalabu husemwa kwamba ukubwa wa injini ndio unaoliwezesha gari kupanda mwamba au kutoka topeni. Usemi huo una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa hesabu zisizopita kiwango cha shule ya sekondari, ni mahali gani injini kubwa husaidia na ni mahali gani haisaidii kitu. Tofauti hiyo si jambo la mzaha. Mtu anayebadili injini ya gari lake pasipo kuielewa huenda akavunja ekseli, akachemsha maji ya rejeta mlimani, au akatumia petroli maradufu bila kupata faida aliyoitarajia.

MAANA YA "BLOKU KUBWA"

Bloku ni pande la chuma cha kusubu ambalo ndani yake mmetobolewa silinda. Katika injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, silinda nne huwa upande mmoja na nne upande wa pili. Umbali kati ya kitovu cha silinda moja na kitovu cha jirani yake huamuliwa wakati wa kubuni bloku, wala hauwezi kubadilishwa baadaye bila kutengeneza bloku nyingine na mitambo mingine ya kuitobolea. Umbali huo ndio unaotenganisha bloku kubwa na bloku ndogo.

Mfano wa Chevrolet unadhihirisha jambo hili. Bloku ndogo ya kampuni hiyo, iliyotokea mwaka 1955, ilikuwa na umbali wa milimita 111.8 kati ya vitovu vya silinda. Bloku kubwa iliyotokea mwaka 1965 ilikuwa na umbali wa milimita 122.9. Tofauti ni milimita 11 tu, lakini matokeo yake ni makubwa. Mwaka 1970 Chevrolet ilitoboa silinda za bloku ndogo hadi kipenyo cha milimita 104.8 ili kupata mjao wa inchi za ujazo 400, yaani lita 6.6. Ukuta uliobaki kati ya silinda mbili ulikuwa milimita 7 tu. Hapakubaki nafasi ya kupitisha maji, hivyo silinda hizo zilisubiwa zikiwa zimeungana. Katika mwaka huohuo bloku kubwa ilifikishwa inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, kwa kipenyo cha milimita 108. Humo, baina ya silinda na silinda, zilisalia milimita 15 hivi, na maji yakapata njia.

Msomaji atatambua kwamba bloku ndogo ya inchi 400 ilikuwa na mjao mkubwa kidogo kuliko bloku kubwa ya mwaka 1965, iliyokuwa ya inchi 396. Kwa hiyo jina "bloku kubwa" halielezi mjao wa injini. Linaeleza ukubwa wa pande la chuma, na nafasi lililo nayo kwa silinda pana, vali pana na njia za maji.

INJINI MBILI ZINAZOFANANA KWA SURA

Kampuni ya Ford nayo ilianza kutengeneza mwaka 1958 jamii ya injini iliyojulikana kwa herufi FE. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1976 injini mbili za jamii hiyo, ya inchi 360 na ya inchi 390, zilitumika katika pikapu za Ford, zikiwamo zile za magurudumu manne. Injini hizo mbili ni darasa zuri la fizikia, kwa kuwa kipenyo cha silinda zake ni kimoja, milimita 102.9. Zinatofautiana katika mpigo, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka juu hadi chini. Mpigo wa injini ya 360 ni milimita 88.9, na wa 390 ni milimita 96.0.

Mjao hupatikana kwa kuzidisha eneo la silinda, mpigo na idadi ya silinda. Eneo la duara lenye kipenyo cha sentimita 10.29 ni sentimita za mraba 83.1. Basi:

Injini ya 360: 83.1 × 8.89 × 8 = sentimita za ujazo 5,910, yaani lita 5.9.
Injini ya 390: 83.1 × 9.60 × 8 = sentimita za ujazo 6,382, yaani lita 6.4.

Kwa nje injini hizi hazitambulikani. Bloku nyingi za jamii hii zimesubiwa tarakimu 352, ambayo ni mjao wa injini nyingine ya awali, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi wamedanganyika. Fundi mwenye busara hasomi tarakimu iliyo kwenye chuma. Huifungua plagi, hupenyeza fito nyembamba hadi iguse kichwa cha pistoni, huizungusha krenki kwa mkono, kisha hupima umbali ambao fito imepanda na kushuka. Tofauti ya milimita 7 huonekana hata kwa rula ya mwanafunzi, ilimradi fito isogee sambamba na silinda.

MJAO NA MOMENTI

Gesi inayoungua humsukuma pistoni, na krenki hugeuza msukumo huo kuwa mzunguko. Kipimo cha uwezo wa kuzungusha huitwa momenti, nacho hupimwa kwa niutoni-mita. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Kazi inayofanywa katika mizunguko hiyo miwili ni kanieneo ya wastani ikizidishwa kwa mjao wote wa injini. Kazi hiyohiyo ni momenti ikizidishwa kwa pembe ya mizunguko miwili, ambayo ni 4π. Kwa hiyo:

Momenti = (kanieneo ya wastani × mjao) ÷ 4π

Ford ilitangaza kwamba injini ya 390 ya pikapu ilitoa momenti ya niutoni-mita 510 krenki ikizunguka mara 2,600 kwa dakika. Tukitumia kanuni hiyo, kanieneo ya wastani ni kilopaskali 1,000 hivi, karibu mara kumi ya kanieneo ya hewa iliyotuzunguka.

Hebu sasa tuilinganishe na injini ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameiona ikifunguliwa gereji: injini ya petroli ya Land Rover ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Mpigo wake ni milimita 88.9, sawasawa na ule wa Ford 360. Momenti yake ilikuwa karibu niutoni-mita 168. Kanuni yetu yatoa kanieneo ya wastani ya kilopaskali 920 hivi. Tofauti kati ya injini hizi mbili katika kanieneo haifiki hata sehemu moja ya kumi, ingawa moja ina momenti mara tatu ya nyingine.

Hapa ndipo ilipo siri ya bloku kubwa. Injini inayovuta hewa yenyewe, bila pampu ya kuisukuma, hupata hewa yenye kanieneo ya angahewa tu, na petroli ya kawaida hairuhusu mchanganyiko kubanwa kupita kiasi, maana utalipuka kabla ya wakati na kugonga pistoni. Kanieneo ya wastani ikiwa imewekewa mpaka na maumbile ya hewa na petroli, mbunifu anayetaka momenti zaidi katika mwendo uleule wa krenki hubakiwa na njia moja: kuongeza mjao. Wamarekani waliifuata njia hiyo, kwa kuwa petroli kwao ilikuwa rahisi na chuma kilikuwa tele.

KATIKA GIA NZITO INJINI NDOGO HUTOSHA

Tuifikirie sasa pikapu yenye injini ya 390, giaboksi yenye gia ya kwanza ya uwiano wa 6.69, sanduku la pili la gia lenye uwiano mzito wa 1.96, na difu yenye uwiano wa 4.10. Vipuri vya uwiano huo vilitumika sana katika pikapu nzito za wakati ule. Uwiano wa jumla ni:

6.69 × 1.96 × 4.10 = 53.8

Kila niutoni-mita moja ya injini hufika magurudumuni ikiwa imezidishwa mara 53.8, ukiondoa upotevu. Tukikadiria kwamba asilimia 15 hupotea kwa msuguano wa gia, momenti ya jumla magurudumuni ni 510 × 53.8 × 0.85, yaani niutoni-mita 23,300. Ikiwa nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.40, kani ya kusukuma gari ni niutoni 58,300.

Lakini je, ardhi itaweza kuipokea kani hiyo? Pikapu yenye masi ya kilogramu 2,300 ina uzito wa niutoni 22,600. Tukichukua kizigeu cha msuguano cha 0.6 kwa udongo mkavu, kani kubwa kuliko zote ambayo magurudumu yote manne yaweza kuishika ardhi nayo ni 0.6 × 22,600, sawa na niutoni 13,500. Injini inao uwezo wa kutoa zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Kabla haijafika robo ya uwezo wake, tairi zitakuwa zimekwisha teleza.

Momenti ya injini inayohitajika kuzitelezesha tairi hizo ni niutoni-mita 118 tu. Injini ndogo ya Land Rover, yenye niutoni-mita 168, ingeweza kuifanya kazi hiyo katika pikapu hiyohiyo. Tena Land Rover yenyewe, yenye uwiano wa jumla wa karibu 40 katika gia yake nzito kabisa, ina momenti ya kutosha kuzitelezesha tairi zake zote juu ya udongo mkavu.

Hitimisho ni dhahiri. Gari linapopanda mwamba polepole katika gia nzito, mpaka wa uwezo wake huwekwa na msuguano kati ya tairi na ardhi. Kinacholisaidia ni kuendeshwa kwa magurudumu manne badala ya mawili, tairi zinazoshika, springi zinazoruhusu kila gurudumu ligusane na ardhi, na uwiano mzuri wa gia. Kuongeza mjao wa injini hakuongezi msuguano hata chembe.

Matope mazito na mchanga ni habari nyingine. Humo dereva huhitaji magurudumu yazunguke kwa kasi ili tairi zijisafishe matope, na gari lisipoteze mwendo. Katika gia nzito tuliyoitaja, krenki inapozunguka mara 2,600 kwa dakika gari huenda kilomita 7 tu kwa saa. Dereva hulazimika kutumia gia nyepesi, na hapo kile kilichozidishwa mara 53 huzidishwa mara chache tu. Injini kubwa huanza kuonekana faida yake.

MLIMA MREFU NDIO KIPIMO

Faida hiyo huonekana wazi zaidi barabarani, pikapu inapovuta mzigo mlimani kwa mwendo wa kasi. Mfano mwafaka ni barabara kuu inayovuka milima ya Rocky magharibi ya mji wa Denver. Njia ya chini ya mlima iitwayo Eisenhower, iliyofunguliwa mwaka 1973, iko kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya kuifikia hufika asilimia 7, maana yake barabara hupanda mita 7 kwa kila mita 100.

Tuseme pikapu pamoja na tela lake ina masi ya kilogramu 4,500, na dereva ataka kupanda kwa kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Kani zinazompinga ni hizi:

Uzito katika mwinuko: niutoni 3,090.
Ukinzani wa tairi barabarani: niutoni 660.
Ukinzani wa hewa: yapata niutoni 400.

Jumla ni niutoni 4,150. Nguvu inayohitajika magurudumuni ni kani ikizidishwa kwa mwendo, yaani kilowati 92. Ukiongeza upotevu wa gia, injini yenyewe yapaswa kutoa kilowati 108.

Lakini katika kimo cha mita 3,400 hewa imepungua. Densiti yake ni asilimia 71 hivi ya ile ya pwani. Injini ya lita 6.4 huvuta humo hewa ya masi ileile ambayo injini ya lita 4.5 ingeivuta pwani. Ford ilitangaza nguvu ya kilowati 190, sawa na nguvu za farasi 255, kwa injini ya 390. Katika kimo hicho hubaki kilowati 135. Injini ya 360, iliyotangaziwa nguvu za farasi 215, hubakiwa na kilowati 114. Ya kwanza yapata akiba ndogo. Ya pili yafika ukingoni.

Je, injini ya Land Rover ya kilowati 57 ingeshindwa kabisa? La hasha. Ingebakiwa na kilowati 40 hivi, na katika gia inayofaa ingeupandisha mzigo uleule kwa kilomita 33 kwa saa. Mlima ni uleule na kazi ya kuupanda ni ileile. Kilichobadilika ni muda. Hii ndiyo maana halisi ya nguvu katika fizikia: ni kazi ikigawanywa kwa muda. Bloku kubwa haikumpandisha Mmarekani mahali ambapo injini ndogo isingefika. Ilimpandisha kwa haraka, akiwa na mzigo nyuma.

FARASI WA KARATASI NA FARASI WA BARABARANI

Msomaji mwangalifu huenda akauliza kama tarakimu hizo za nguvu ni za kuaminika. Swali hilo ni la haki. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilizoea kutangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa peke yake juu ya kitako cha majaribio, bila chujio la hewa, bila feni, na bila bomba la kawaida la moshi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 desturi iligeuka, na nguvu ikaanza kutangazwa ikiwa imepimwa injini ikiwa na vifaa vyote inavyovibeba garini.

Mwaka 1971 ulikuwa wa mpito, na Chevrolet ilitoa tarakimu zote mbili. Injini moja ya inchi 454 iliyotiwa katika magari ya michezo ya Corvette ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 365 kwa kipimo cha zamani na 285 kwa kipimo kipya. Ni injini ileile, vyuma vilevile. Farasi 80 walikuwa wa karatasi. Tarakimu za Ford 360 na 390 zilizotumiwa hapo juu ni za kipimo cha zamani, hivyo akiba ya injini ya 390 katika mlima wa Rocky ilikuwa ndogo kuliko hesabu inavyoonyesha, na injini ya 360 ilipaswa kupunguza mwendo. Funzo kwa mwanafunzi ni kwamba namba bila maelezo ya jinsi ilivyopimwa haijakamilika.

GHARAMA ZA UKUBWA

Gharama ya kwanza ni uzito. Bloku ndogo ya Chevrolet ilikuwa na masi ya karibu kilogramu 260, na bloku kubwa karibu 310. Nyongeza hiyo ya kilogramu 50 karibu yote huangukia ekseli ya mbele. Katika gari la magurudumu manne ekseli hiyo ina kazi tatu kwa wakati mmoja: kubeba, kuongoza na kuvuta. Isitoshe, difu ya mbele hukaa chini ya injini, nayo huhitaji nafasi ya kupanda springi zinapobanwa. Haistaajabishi, basi, kwamba pikapu za magurudumu mawili zilipata injini kubwa zaidi mapema. Chevrolet ilitia injini ya inchi 396 katika pikapu za magurudumu mawili mwaka 1968, na Ford ikatia ile ya inchi 460 katika za kwake mwaka 1973, ilhali wenzao wa magurudumu manne waliendelea na injini ndogo zaidi. Pikapu nyingi za magurudumu manne zenye injini kubwa kupita kiasi zinazoonekana leo zilibadilishwa na wenyewe.

Gharama ya pili ni ekseli. Uwezo wa fito ya chuma kustahimili msokoto hulingana na kipenyo chake kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Fito ya milimita 33, ambayo ni ukubwa wa kawaida katika ekseli za pikapu za wastani, iliyotengenezwa kwa chuma kigumu, huweza kustahimili niutoni-mita 5,000 hivi kabla ya kuanza kupinda isirudi. Magurudumuni, kama tulivyoona, katika gia nzito injini ya 390 yaweza kupeleka 23,300. Ardhi ikiwa inateleza hapana madhara, kwani tairi huteleza kwanza na kuiokoa fito. Hatari huja gurudumu moja linapobanwa kati ya mawe na difu imefungwa isigawe mwendo. Hapo msuguano haulindi tena, na chuma kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachokatika. Kuongeza kipenyo cha fito kutoka milimita 33 hadi 38 huongeza uwezo wake kwa nusu nzima. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu hutazama ekseli kwanza, kisha ndipo aitazame injini.

Gharama ya tatu ni joto. Injini ya petroli ya aina hii hugeuza karibu robo ya nishati ya petroli kuwa kazi. Sehemu iliyobaki hutoka na moshi au huingia katika maji ya kupoza. Injini inayotoa kilowati 108 mlimani huitaka rejeta iondoe joto la kiasi hichohicho kwa makadirio, sawa na majiko 50 ya umeme ya kilowati 2 kila moja, katika hewa nyepesi na mwendo mdogo. Anayeweka injini kubwa na kuiacha rejeta ndogo amejitafutia balaa.

Gharama ya nne ni petroli. Pikapu tupu inayokwenda kilomita 90 kwa saa barabara tambarare huhitaji kilowati 27 hivi tu. Ili injini ya kilowati 190 itoe 27, kilango cha kabureta hufungwa karibu chote, na pistoni hufanya kazi ya kuvuta hewa kupitia tundu jembamba. Msuguano wa vyuma vyake vikubwa nao haupungui. Katika hali hiyo injini huweza kutumia gramu 450 za petroli kwa kila kilowati-saa, na matokeo yake ni kama lita 18 kwa kilomita 100. Ukiongeza miji, vilima na matope, lita 20 hadi 24 si ajabu. Injini hiyo hula kwa ajili ya mlima hata siku ambayo hapana mlima.

ZAMA ZILIPOGEUKA

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda Marekani, na bei ikapanda. Kuanzia magari ya mwaka 1975 sheria za hewa safi zilileta vifaa vya kusafisha moshi, lakini pikapu zenye uzito wa jumla uliozidi pauni 6,000, yaani kilogramu 2,720, zilisamehewa kwa muda. Ford ilitoa mwaka huohuo pikapu ya F-150, ikiwa imewekwa juu kidogo ya mpaka huo. Bloku kubwa hazikutoweka mara moja. Ile ya inchi 460 ya Ford ilidumu katika pikapu hadi mwaka 1997, na ile ya 454 ya Chevrolet hadi mwaka 2000.

Kilichozipunguzia kazi ni njia ya kuvuka mpaka wa kanieneo uliotajwa hapo juu. Katika pikapu za Dodge za mwaka 1989 ilitiwa injini ya dizeli ya Cummins yenye silinda sita na mjao wa lita 5.9, sawa na Ford 360. Lakini hiyo ilikuwa na pampu inayozungushwa na moshi, ya kusukumia hewa ndani ya silinda. Momenti yake ilikuwa niutoni-mita 542, ikizidi ile ya injini ya 390 yenye lita 6.4. Nguvu yake ilikuwa farasi 160 tu, lakini ilizipata kwa mwendo mdogo wa krenki na kwa mafuta machache, wala hewa nyepesi ya milimani haikuidhoofisha sana. Hata hivyo, hoja ya mjao haijafa. Kuanzia pikapu nzito za mwaka 2020 Ford ilianza tena kutumia injini mpya ya petroli ya silinda nane yenye lita 7.3, isiyo na pampu ya hewa, kwa kuwa injini kubwa isiyobanwa sana ni rahisi kuitengeneza na hudumu chini ya mzigo.

MASWALI NA ZOEZI

1. Injini ya Chevrolet ya inchi 454 ina silinda nane, kipenyo cha milimita 108 na mpigo wa milimita 101.6. Tafuta mjao wake kwa lita.

2. Mjini Denver, katika kimo cha mita 1,600, densiti ya hewa ni asilimia 85 hivi ya ile ya pwani. Injini ya lita 6.4 huvuta hewa sawa na injini ya lita ngapi iliyo pwani?

3. Pikapu iliyotajwa katika makala inaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, ambayo hubeba nusu ya uzito wake. Katika udongo mkavu wenye kizigeu cha 0.6, kani kubwa kuliko zote ya kusukuma ni kiasi gani? Je, injini kubwa zaidi ingeiongeza?

4. Zoezi la kikundi: kwa msaada wa fundi na injini chakavu isiyotumika, fungueni plagi moja, pimeni mpigo kwa fito na rula kama ilivyoelezwa, kisha pimeni kipenyo cha silinda iliyo wazi. Kokotoeni mjao na mlinganishe na tarakimu iliyoandikwa kwenye injini au kitabu chake. Kila mwanafunzi apime mara tatu, na wastani utafutwe.

Majibu: (1) lita 7.4. (2) lita 5.4. (3) niutoni 6,780. Haingeiongeza, kwa kuwa mpaka umewekwa na msuguano.